Picha Inayosubiri Jibu

Zhou Mi alikuwa mtu wa Jinan ambaye hajapata kuiona Jinan. Ukoo wake ulitoka huko, katika jimbo la Shandong, kaskazini mwa China. Vita vikawahamisha wazee wake, yeye akazaliwa na kuzeekea kusini. Rafiki yake Zhao Mengfu alikuwa amefanya kazi ya serikali huko Jinan, na aliporudi kusini mnamo 1295 akawa anamsimulia habari za milima ya kwao. Masimulizi hayakutosha. Zhao akachukua karatasi, akamchorea milima miwili, Hua uliochongoka na Que uliolala mviringo, na kati yake uwanda wa maji na matete, miti iliyoanza kubadilika rangi, vibanda na wavuvi. Kisha akaandika humo humo amechora kwa ajili ya nani, na kwa nini. Gombo hilo, lenye kimo cha sentimita 28 hivi na urefu usiofika mita 1, leo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Kasri ya Kitaifa mjini Taipei.

Katika desturi zote za watu kuonyeshana mahali walikofika, hii naiona kuwa na mengi ya kutufunza sisi tunaopandisha picha za milima na safari mtandaoni. Ukale wake si sababu. Sababu ni kwamba picha ile ilikuwa na mwenyewe kabla haijachorwa, na baada ya kuchorwa iliachiwa nafasi ya kujibiwa.

Gombo la namna hiyo halikutundikwa ukutani. Liliwekwa mezani, likafunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto, kipande kinachotosha upana wa mikono, mbele ya marafiki wawili watatu. Wakimaliza kipande hiki, wanakikunja na kufungua kinachofuata, kana kwamba wanatembea. Mwisho wa mchoro palibandikwa karatasi za ziada, tupu. Aliyelinunua, aliyeazimwa, hata aliyealikwa tu kulitazama, aliweza kuandika hapo: shairi, kumbukumbu ya siku ile, sifa, au ubishi. Akimaliza anagonga muhuri wake mwekundu. Dong Qichang, mchoraji na mhakiki mkubwa wa zama za Ming, aliandika maoni yake kwenye gombo la Zhao zaidi ya miaka 300 baada ya Zhao kuliweka chini. Mwaka 1748 mfalme Qianlong alipofika Jinan na kuiona ile milima kwa macho yake, alikumbuka gombo, akaagiza aletewe, akalinganisha. Akagundua kwamba maandishi ya Zhao yameweka mlima Que upande wa mashariki ilhali uko magharibi, na masahihisho hayo akayaandika juu ya gombo lenyewe. Miaka 450 ilikuwa imepita, na mazungumzo yalikuwa bado yanaendelea.

Kisa cha gombo la pili kinaonyesha zaidi. Huang Gongwang alianza kuchora milima ya kando ya mto Fuchun mnamo 1347, akaendelea nayo kwa miaka, kila alipojisikia. Ilikuwa ya rafiki yake Wuyong, mtawa wa Kitao, ambaye alihofia mtu asije akamnyang'anya, hivyo akamsihi Huang aandike jina la mwenye mali mapema, kazi ikiwa bado haijaisha. Karne moja baadaye gombo lilimilikiwa na mchoraji Shen Zhou. Alimpelekea rafiki ili aandike neno, na halikurudi. Mtoto wa rafiki huyo aliliuza. Shen Zhou hakuwa na fedha za kulikomboa. Mwaka 1487 aliketi akalichora upya kwa kumbukumbu, bonde kwa bonde. Hilo nalo ni jibu, tena la aina ya juu kabisa: mtu ameitazama kazi ya mwenzake hata ikamwingia mkononi. Kisha mwaka 1650 tajiri mmoja aliyekuwa nalo, akiwa kitandani anakata roho, akaamuru lichomwe moto ili aende nalo. Mpwa wake akalichomoa motoni, likiwa limekwisha kukatika vipande viwili. Kipande kifupi kiko Hangzhou, kirefu kiko Taipei. Vilionyeshwa pamoja mwaka 2011.

Lakini desturi hii ina upande wake mbaya, na Qianlong huyo huyo ndiye shahidi. Mwaka 1745 aliletewa nakala ya gombo la Fuchun, akaiamini kuwa ndiyo halisi, akaipenda mno. Aliandika juu yake kila alipoitazama, zaidi ya mara 50, mpaka mbingu yote ya mchoro ikajaa mwandiko na mihuri. Mwaka uliofuata likaletwa gombo lenyewe. Akalitazama, akaamua kwamba hili ndilo la bandia. Kosa hilo la macho ndilo lililoinusuru kazi ya Huang, ikabaki na anga yake wazi. Mtazamaji mwenye mamlaka asiyejua kunyamaza anaweza kuifunika picha aliyokusudia kuisifu. Wanaosimamia makundi ya wapigapicha mtandaoni wanamjua mtu wa aina hii.

Sasa twende New York, mwaka 1861. Upigaji picha ulikuwa na umri wa miaka 20 na ushei, na kupiga picha ya mandhari kulihitaji misuli. Njia ya siku hizo ilitumia kioo kilichopakwa kolodioni, kikachovywa katika nitrati ya fedha, kikatiwa kwenye kamera kingali kibichi, na kusafishwa papo hapo kabla hakijakauka. Muda wote huo ni dakika chache. Kwa hiyo aliyetaka picha ya maporomoko ya maji msituni alibeba hema la giza, chupa za dawa, maji safi, vioo na mikono isiyotetemeka. Watu waliofanya hivyo kwa mapenzi tu, bila kulipwa, walikuwa wachache na wametawanyika. Wakaunda klabu ya kubadilishana picha. Alikuwamo Coleman Sellers, mhandisi wa Philadelphia. Titian Peale, mchoraji wa viumbe aliyekuwa Washington. Charles Himes, mwalimu wa sayansi. Na Henry T. Anthony, ambaye kampuni ya familia yake iliuza vifaa vya picha. Sharti la klabu lilikuwa moja zito: kila mwanachama ampelekee kila mwenzake picha aliyoipiga na kuisafisha mwenyewe. Hukulipa ada ukakaa kutazama. Usipotuma, hupati.

Picha zenyewe zilikuwa za jozi, za kutazamwa kwa stereoskopu, kile chombo cha lenzi mbili kinacholifanya bonde liwe na kina. Daktari na mwandishi wa Boston, Oliver Wendell Holmes, alikwisha kuandika mwaka 1859 kwamba picha za namna hii zingehitaji maktaba zake na utaratibu mpana wa kubadilishana. Nyuma ya kadi mpigapicha aliandika mahali, siku, na njia aliyotumia. Nikizitazama kadi hizi najiona niko nyumbani. Leo kamera inaandika yenyewe, ndani ya faili, lenzi gani imetumika, mwanga umeingia kwa muda gani, saa ngapi; na jambo la kwanza ambalo mpenzi wa mandhari hulitafuta kwenye picha ya mwenzake ni hayo. Ule ni udadisi wa mafundi. Fundi seremala akiingia nyumba ya watu huinama kutazama maungio ya meza.

Klabu ya New York haikudumu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliwashughulisha watu na mambo mengine. Lakini Uingereza, ambako kubadilishana kulikuwa kumeanza tangu miaka ya 1850, mbegu iliota kwa namna nyingine: vikundi vya kuzungusha picha kwa posta. Kifurushi kinatoka kwa mwanachama hadi mwanachama. Unakipokea, unatazama picha za wenzako, unasoma walichokiandika waliotangulia, unaandika na wewe, unatoa picha yako ya zamani pamoja na maoni yote iliyoyakusanya, unaweka mpya, unatuma mbele. Anayechelewesha kifurushi anajulikana kwa jina. Vikundi vya namna hii vimeishi miaka mingi, na sioni ajabu. Humo hakuna mtazamaji wa bure.

Wachina walidai maneno, Wamarekani wakadai picha kwa picha. Pwani yetu inadai nini?

Ukisoma Safari za Waswahili, mkusanyo uliochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1901, utakuta wasafiri wakieleza walikopita, toka Selemani bin Mwenye Chande aliyeingia bara na msafara hadi Salim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia. Anayetafuta humo machweo na vilele ataondoka na kidogo. Nchi inaelezwa kwa watu wake: mkuu wa hapa ni nani, alidai hongo kiasi gani, chakula kilipatikanaje, tulipokewa vipi. Mlima ni kitu kilicho kati ya wenyeji hawa na wenyeji wale. Wapo wanaouona huu kuwa upofu wa mandhari. Mimi nauona kuwa ni jicho jingine, na mapenzi yangu kwalo yanaongezeka kila mwaka.

Jicho hilo ndilo lililokuwa kazini kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa. Tangu miaka ya 1980 wapigapicha, wengi wao wakiwa wametoka bara, walijenga vibanda vya mbao karibu na feri, wakavitundikia mapazia yaliyochorwa kwa rangi kali: meli kubwa, ndege, maghorofa, feri yenyewe, milima, ndovu. Wakapamba kwa maua ya plastiki. Mtaalamu wa Kijerumani Heike Behrend amevichunguza na kuviandikia kwa kina. Wateja walikuwa watu waliokuja Pwani kutafuta kazi. Mtu anavaa nguo yake nzuri, anasimama mbele ya meli ambayo hatoipanda, anapigwa picha, anaituma nyumbani au anakwenda nayo Krismasi. Bahari halisi iko hatua chache nyuma ya kibanda, na haimo. Haihitajiki. Mpokeaji ni mama yake, au mke, au ndugu aliyemkopesha nauli, na anachotaka kukijua hakiwezi kuelezwa na bahari: mtoto wetu amefika, ana afya, amenawiri.

Picha ya Likoni iko karibu na gombo la Zhao Mengfu kuliko inavyoelekea. Zote mbili zina mlengwa mwenye jina. Zote mbili zinavusha mahali hadi kwa mtu asiyeweza kufika. Zinaachana kwenye umbo la binadamu: katika gombo mvuvi ni mdogo kama punje na nchi ndiyo inayozungumza, Likoni nchi imekuwa pazia na binadamu amejaa fremu nzima.

Kuna desturi ya tatu ambayo haina mvuvi wala mhamiaji, nayo ndiyo iliyotawala makundi ya wapenzi wa mandhari mtandaoni. Ilikomaa magharibi mwa Marekani. Picha ya Ansel Adams ya mwamba wa Half Dome, ya mwaka 1927, ni mlima, theluji na anga jeusi, basi. Ni kazi kubwa, na sitaki kuipunguzia hata chembe. Lakini waliomfuata waliligeuza jicho lake kuwa kanuni: subiri watu wapite, futa waya wa umeme, futa njia, futa nyayo. Bonde la Yosemite lilikuwa na wenyewe, Waahwahneechee, ambao walifukuzwa kwa silaha mwaka 1851. Utupu unaosifiwa kwenye picha ulitengenezwa. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa hili. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai walihamishwa kutoka humo kwenda Ngorongoro. Mpigapicha anayeisifu Serengeti kwa kuwa haijaguswa na binadamu anasifu matokeo ya uamuzi uliofanywa ofisini, ambao bado wapo wazee wanaokumbuka siku ulipotekelezwa.

Makundi ya mtandaoni yalirithi desturi hizi zote kwa mkupuo. Flickr ilipoanza mwaka 2004, mjini Vancouver, ilikuwa kwa miaka michache karibu zaidi na kifurushi cha posta kuliko chochote kilichofuata. Kulikuwa na vikundi vya mada ndogo ndogo, watu wakajuana, na vingi viliweka sharti: weka picha moja, toa maoni kwa kadhaa. Sharti lilikuwa na nia njema, ila wengi walilitimiza kwa kubandika nishani zinazometameta na neno "nzuri" chini ya picha kumi kwa dakika moja. Hata hivyo vilikuwapo vikundi ambamo mtu aliandika aya nzima kukueleza kwa nini mstari wa upeo wako unaikata picha vibaya. Instagram, iliyozaliwa 2010, ilirahisisha jibu likawa mguso wa kidole. Moyo mwekundu unafanana na muhuri wa Kichina kwa rangi tu. Muhuri ulisema nani, na mara nyingi ulifuatana na sababu; moyo unahesabiwa, unasahauliwa.

Jibu lililoondolewa kwenye maneno likahamia miguuni. Trolltunga ni ulimi wa jiwe uliochomoza nchini Norway, mita 700 hivi juu ya ziwa, na kuufikia ni kutembea kutwa nzima kwenda na kurudi. Mwaka 2010 walifika watu 800 hivi. Mwaka 2016 walifika takriban 80,000. Kilichowaleta ni picha moja inayorudiwa: mtu mmoja, peke yake, kwenye ncha ya jiwe. Nyuma ya kamera kuna foleni ya wanaosubiri zamu yao ya kuwa peke yao. Kila mmoja ameijibu picha ya mwenzake kwa kuipiga tena ilivyo. Shen Zhou naye aliirudia kazi ya Huang, lakini mbele yake hapakuwa na picha ya kunakili. Alichokuwa nacho ni kile alichokwisha kukielewa. Tofauti hiyo naishikilia.

Amboseli nayo ina ulimi wake wa jiwe: ndovu mbele, Kilimanjaro nyuma, vumbi katikati. Naitazama picha hiyo kila ninapokutana nayo na bado inanifurahisha. Ninachokitamani ni nyingine, kutoka Marangu au Machame, ambako mlima unaonekana juu ya migomba na mapaa ya watu wanaoamka nao kila siku.

Kwenye makundi ya Kiswahili ya WhatsApp na Facebook, watu wanaopanda milima na kuzunguka nchi mwishoni mwa wiki wamefanya jambo ambalo wapenzi wa mandhari tupu hulibeza. Wamo kwenye picha. Wamekumbatiana mbele ya kibao cha kilele cha Uhuru, mita 5,895, mashavu yamevimba kwa baridi na nyuma yao barafu haionekani vizuri. Mwanga mbaya, upeo umeinama. Chini yake yanashuka majibu: hongereni kwa kufika, hapo wapi, nauli kiasi gani, mlilala wapi, mama mdogo naye alipanda? Haya ni maswali yale yale ya msafara wa Selemani bin Mwenye Chande, na ni maswali ambayo mama wa mhamiaji wa Likoni angeuliza. Sikubali kwamba kundi la namna hii liko nyuma ya lile linalojadili vichujio vya lenzi. Limebaki na kitu ambacho lile lingine limekipoteza. Kinachokosekana ni subira ya kutazama: swali la nauli likishajibiwa, picha imekwisha, imezama chini ya nyingine 40.

Nasi tulikuwa na subira hiyo mahali pengine. Kwenye gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923, mshairi aliweza kutoa shairi na kungoja toleo lijalo ili mwenzake wa mji mwingine amjibu, kwa bahari ile ile ya ushairi, akikubali hapa na kumpinga pale. Wapenzi wa salamu za redio walijaza kadi kwa mwandiko mzuri na kusubiri majina yao yasomwe. Watu ambao hawajaonana wakajuana kwa sauti na kwa jina. Kwa hiyo sioni kwamba kuomba kundi la picha lenye zamu, lenye watu 12 au 15, picha moja kwa wiki, na kila mmoja kuandika mistari mitano kabla ya inayofuata kuwekwa, ni kuomba jambo la kigeni. Ni utaratibu wa malenga uliohamishiwa kwenye kamera. Na mistari hiyo mitano iseme na nchi pia: mlima unaitwaje na wenyeji wake, shamba lile la mbele ni la zao gani, mvua zilikuwa zimefika?

Linabaki suala la kutaja mahali, ambalo linagawanya makundi mengi kuliko lingine lolote. Bodi ya utalii ya Jackson Hole, huko Wyoming, iliwaomba wageni mwaka 2018 waache kuambatisha ramani kwenye picha zao. Wapigapicha wa wanyamapori hufundishana kuficha alipo faru, na katika hilo sina ubishi nao hata kidogo. Jangili naye ana simu. Viota vya ndege adimu vivyo hivyo. Lakini ombi la kuficha likigeuzwa sheria ya kila mahali linakuwa njia ya waliokwisha kufika kuufunga mlango nyuma yao, na wanaoumia ni wenyeji. Chukua Irente, kwenye milima ya Usambara, ambako ardhi inakatika ghafla na uwanda wa Wamasai unaonekana chini, na Mazinde ikiwa nukta za mabati. Kuna vijana wa Lushoto wanaoishi kwa kuwaongoza wageni hadi pale. Picha ya Irente isiyotaja Irente inawanyima riziki, na haimlindi yeyote. Kwa hiyo akiuliza mtu hapo ni wapi, aambiwe: shuka Mombo, panda gari la Lushoto, lala mjini, asubuhi mapema mtafute kijana wa kukupeleka, mpatane bei kabla hamjaondoka.